Usiku wa Nondo

Miaka miwili nimecheza na nondo,
na miaka miwili nondo wamenitia aibu.
Wadudu wa vumbi, uhai mmoja, nguvu moja,
huvutwa na taa ya adui
wakaungua kabla sijameza mate.
Ctibor, mwenye majitu ya barafu,
aliwahi kuniuliza mbele za watu
kama dawa ya kabatini nimeshaijaribu.

Basi ilipotangazwa nyongeza mpya
na pakiti yake ikaonyesha bawa,
bawa moja tu, la kijivu, lenye jicho katikati,
nilikuwa ndani ya shimo la karakana
chini ya tramu mbovu, grisi hadi viwikoni,
nikacheka peke yangu kama aliyetekenywa.
Wametukumbuka, nikaiambia breki.
Wametukumbuka!

Kadi mia mbili na kumi na nane.
Nilizijua zote kabla hazijafika dukani.
Yupo Malkia wa Taa Iliyozimika,
anayewafufua walioingia motoni zamu hii,
wote, kwa pamoja, bila malipo.
Soma tena: bila malipo.
Yupo Mshona Giza. Lipo Pazia Lililoliwa,
ambalo mchoro wake una matundu
na ukiliinua kwenye mwanga utaapa yametobolewa kweli.
Mke wangu Svatava aliniuliza saa saba usiku
ninanong'ona na nani.
Na Malkia, nikasema. Akageukia ukutani.

Ijumaa. Brno imelowa theluji isiyotaka kuganda.
Bibi Bohdana anafungua duka saa sita kamili za usiku,
kofia ya manyoya kichwani, glavu mdomoni,
na sisi foleni, watu thelathini na mbwa mmoja,
tunapiga miguu chini kama farasi.

Harufu ya pakiti mpya: wino, gundi,
na kitu kingine ambacho sijawahi kukipatia jina.
Nilinunua kumi na mbili.
Ya kwanza, jitu. Ya pili, jitu.
Ya tano, jitu linalong'aa,
nikampa Ctibor bila hata kumtazama.
Ya kumi na mbili niliishika muda mrefu
kama barua kutoka hospitali.
Jitu.

Na Malkia? Malkia alimwangukia Vavřinec,
mtoto wa miaka kumi na moja, kamasi puani,
aliyeletwa na babu yake kununua pakiti moja.
"Huyu anafanya nini?" akaniuliza.
Nikamsomea. Sauti ikanitetemeka kwenye "bila malipo".
Akanitazama usoni, akaitazama kadi,
akaitia polepole mfuko wa ndani wa koti.
Hamadi kibindoni. Sikuweza kumlaumu:
nilikuwa nimeisoma vizuri mno.

Lakini ngoja.
Sakafuni, mezani, juu ya hita,
watu walikuwa wakitupa kadi moja ya kawaida,
Kiwavi Mlafi.
Gharama moja. Hapigani, hakingi, harushi chochote.
Mwenzake akifa, chota kadi.
Akifa! Na nondo wangu, Mungu shahidi,
hakuna kazi wanayoiweza kuliko kufa.

Nikapita meza hadi meza, kofia mkononi,
mwanamume wa miaka arobaini na mitatu:
Una kiwavi? Wewe, una kiwavi?
Sheria inaruhusu wanne.
Niliondoka na kumi na tisa.

Sasa ni saa tisa na nusu, meza ya jikoni.
Nachanga karata, nachota saba, narudisha,
nachanga, nachota saba.
Wanakuja. Wanakuja wawili wawili.
Jumanne nitakutana na Vavřinec;
ameshaniahidi kipigo.
Natamani amtoe Malkia. Nataka kumwona akifanya kazi,
hata akiwa upande wa pili wa meza,
hata akinimaliza.

Svatava ameingia, blanketi mabegani.
Ameokota kiwavi mmoja, akamsogeza chini ya taa,
akamkagua mdomo, tumbo, macho yasiyoshiba.
"Anafanana na wewe," akasema,
akanywa chai yangu yote, akarudi kulala.